Goti Likitetemeka, Toka: Tunamkumbuka Darshana wa Bukoba

Mgeni alifika kijijini Maruku bila taarifa, wasikilizaji wapendwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Alishuka kwenye bodaboda, akavua viatu, akapita katikati ya migomba akikimbia. Mama Klaudia alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Alimwona Mhindi asiyemfahamu, akadhani amepotea.

"Dada, maduka yako mjini."

"Najua, mawe. Tata yuko wapi?"

Alimwita mawe, yaani mama, na mumewe tata, yaani baba, kama binti yeyote wa Kihaya. Klaudia akaonyesha chumbani kwa kisu.

Mgeni huyo alikuwa Darshana, mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Bukoba. Ndiye tunayemkumbuka leo. Darshana alifariki alfajiri ya Jumanne, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Mzee Anatory, mume wa Klaudia, aliteleza shambani akiwa na mkungu wa ndizi begani. Goti likachanika, akafanyiwa upasuaji. Baada ya hapo paja lake lilisinyaa. Msuli ulihitaji uzito ili urudi, lakini goti bichi halikuweza kubeba uzito.

Hapo ndipo Darshana alipotumia mkanda. Ni mkanda unaojazwa hewa, kama ule wa kupimia presha, ila unafungwa juu kabisa ya paja. Damu inapunguzwa, haisimamishwi. Narudia, wasikilizaji: inapunguzwa, haisimamishwi. Mgonjwa ananyanyua uzito mdogo tu, lakini msuli unahangaika kama umebeba gunia la kahawa. Kisha mkanda unalegezwa. Mtaalamu anapima kwanza, na si kila mgonjwa anafaa.

Paja likaanza kujaa. Lakini mzee alikuwa na haraka. Binti yake Joanitha alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao baba ndiye anayekanyaga ndizi za rubisi, pombe ya ndizi, ya harusi. Anaingia kwenye mtumbwi wa mbao, kwenye ndizi mbivu na nyasi, anakanyaga mpaka juisi itoke. Akishindwa, anakanyaga mwingine, na watu wanasema.

Basi mzee akawaza: kama mkanda wa kliniki unasaidia mara mbili kwa wiki, kwa nini nisifunge kila siku? Akachukua mpira wa baiskeli, akakaza paja kama anavyofunga mzigo wa ndizi. Joanitha akamtumia Darshana ujumbe akifurahi: baba amepata mkanda wake nyumbani. Darshana aliusoma, akaacha chai mezani.

Alimkuta mzee amesinzia kitini. Mguu ulikuwa wa baridi, vidole vimebadilika rangi.

"Tata, unasikia nikikugusa hapa?"

"Wapi?"

Darshana akaomba kisu cha ndizi. Akaukata mpira, akaweka vidole viwili upande wa juu wa unyayo, akitafuta mapigo. Mama Klaudia ametuambia: "Mimi nilikuwa nasali, yeye ananionyesha ninyamaze, kana kwamba Bikira Maria atamchanganya."

Mwishowe akashusha pumzi. Mapigo yalikuwepo, madogo. Akamkimbiza mzee hospitali, akakaa naye mpaka mguu ukapata joto. Hapo ndipo akamgombeza.

"Nusura nikuzike mguu, tata. Sasa niahidi. Hutafunga tena peke yako. Na siku ya rubisi, goti likitetemeka, unatoka. Hata askofu akiwa anatazama."

"Naahidi, mwanangu."

Baba yake Darshana, Mzee Girish muuza vitambaa, alituambia hivi: "Nilimwambia amfuate kaka yake Nimesh, Dar. Akaniuliza, baba, miguu ya huku ataitazama nani?"

Mzee Girish, Nimesh na jamaa wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani anatuambia tusubiri kwa sababu anatupenda, na kama tunamsikiliza.

Jumatano Anatory alimsindikiza Darshana katika safari yake ya mwisho. Alhamisi ilikuwa siku ya kukanyaga. Wakwe walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wanatazama. Mzee akaingia kwenye mtumbwi, fimbo mkononi. Akakanyaga. Paja lilishika. Ndizi zikaanza kulainika, watu wakaanza kushangilia.

Kisha goti likatetemeka. Juisi ilikuwa bado haijatoka.

Shemeji yake, Karugendo, akacheka kwa sauti. "Vipi, umechoka kabla ya ndizi? Tukuitie bibi harusi akusaidie?"

Wakwe wakacheka. Joanitha akatazama chini. Mzee alisimama pale, ndizi zimemfika kwenye vifundo vya miguu. Hatua chache tu, angemaliza.

Akamnyooshea mwanawe Avit mkono, ashikwe.

"Nimeambiwa nitoke," akasema. Akatoka.