Magoti ya Ndugu Damari

Mama yetu, Ndugu Damari Mwasenga, anatuacha tarehe 30 Juni 1977, baada ya miaka ishirini na mitatu katika zahanati ya kiwanda chetu cha mbao. Wakati wake wa kustaafu ulikuwa bado. Anaondoka mapema kwa sababu magoti yake yameharibika, na kwao ni Rungwe, juu mlimani, mahali ambapo gari halifiki. Hajui kama atakipanda kilima cha nyumbani kwa miguu yake au atabebwa. Hilo ndilo linalomsumbua, na linatusumbua na sisi.

Kamati ya wafanyakazi iliagiza maneno ya kuchangamsha. Uchangamfu upo, maana Ndugu Damari mwenyewe ni mchangamfu. Ila tukiandika furaha tupu tutakuwa tumesema uongo mbele ya watu wote wanaomwona anavyotembea.

Alianza mwaka 1954 kama mfagiaji. Alikuwa akifagia huku anamtazama dresa akisafisha vidonda, mpaka dresa mwenyewe akachoka kutazamwa na kumpa bandeji. Baada ya hapo, kila kidole kilichoguswa na msumeno kilipita mikononi mwake. Wengi wetu hapa tumetoka mbali, wengine Usukumani, na tukiumia huwa tunalia kwa lugha ya nyumbani. Yeye alijifunza neno moja la Kisukuma, “Mwangaluka,” ambalo ni salamu ya asubuhi, akawa analitumia saa zote. Mtu analetwa jioni na mguu umepondwa na gogo, anasikia “Mwangaluka, baba,” na anacheka kabla hajatibiwa.

Wasimamizi aliwaheshimu lakini hakuwaogopa. Mmoja alikuja kumtoa mgonjwa kitandani arudi kazini. Ndugu Damari alimwambia, “Huyu leo habebi gogo. Ukiona haliwezi kungoja, bega lako hilo hapo.” Msimamizi aliondoka bila mgonjwa.

Mwaka 1969 lori lilileta kiti cha chuma cha mazoezi ya miguu. Wapo vijana wanaokiogopa bila kukijua, basi tuwaeleze. Unakaa, unaweka mguu nyuma ya fimbo iliyovikwa sponji, unanyoosha goti, na vyuma vya uzito vinapanda upande wa nyuma. Kililetwa kwa ajili ya watu waliovunjika au kuteguka miguu. Ndugu Damari alipelekwa Iringa kujifunza namna ya kukitumia, akarudi akiwa mwangalizi wake.

Maneno yakaanza hapo. Sisi wabeba magogo tunapimana kwa mzigo. Mtu akibeba kidogo anachekwa muda wote wa chakula. Kwa hiyo tulipokalia kile kiti hatukukiona kama dawa, tulikiona kama mzigo mwingine. Bujiku, ambaye yupo na ameruhusu atajwe, aliwekewa chuma kimoja chepesi.

“Mama, hiki cha kutishia kuku ndicho kitaniponya mimi?”

“Goti lako jana lilikuwa kama papai, baba. Leo linataka vita na nani?”

Ndugu Damari alipotoka kwenda kuchemsha maji, Bujiku alipachika vyuma vyote vilivyokuwepo, akanyanyua huku wenzake wakimshangilia. Kesho yake goti halikuingia kwenye suruali.

Habari ilifika kwenye misumeno ikiwa imekua: kiti kinakula magoti. Wengine wakakataa kukikalia kabisa. Wengine wakasema bila chuma kizito huponi. Miaka yote hii tumebishana, kwenye foleni ya ugali na hata kwenye mkutano wa wafanyakazi, kama kiti kile ni salama au kinatumaliza. Kila aliyeingia zahanati aliuliza habari za magoti yake mwenyewe.

Mwezi Februari mwaka huu, uongozi ulimwita Ndugu Marcelino, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aje atukatie shauri. Tulijaa mle chumbani hadi dirishani. Ndugu Damari alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akafunga mkanda kwenye mguu wa Bujiku, akaushika kifundoni ili usipinde, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Ndugu Marcelino alieleza vizuri. Kiti chenyewe si kibaya. Ukinyanyua uzito mkubwa huku goti limekunjwa sana, pia ya goti, ule mfupa wa mbele, inasagika, na goti lililokwisha kuumia linazidi kuumia. Mgonjwa aanze bila chuma au na chepesi, anyooshe ile sehemu ya mwisho tu, mguu unapokaribia kunyooka, na goti likiuma aache, asishindane. Kwa wengi wetu, kuinuka na kukaa kwenye kiti cha kawaida, au kupanda kidaraja kimoja cha ngazi na kushuka, kungetosha na kungekuwa salama zaidi. Tukatazamana. Hayo yote, isipokuwa ya kidaraja, Ndugu Damari alikuwa akituambia, nasi tulidhani ni huruma ya kike.

Kisha ikawa zamu ya mtu mwingine kukaa. Ndugu Damari akashika mguu wa kiti ainuke. Akashindwa. Akajaribu tena, akatabasamu kama anayeomba radhi. Ndugu Marcelino akamshika mkono, akatugeukia.

“Na magoti ya huyu mama, nani anayaangalia?”

Ndugu Damari ndiye aliyejibu. “Ya kwangu ni uzee tu, baba. Endelea na hawa.”

Haukuwa uzee. Ni saruji. Mgonjwa mmoja alikuwa na dakika zake, na yeye alikuwa chini dakika hizo zote, halafu mgonjwa mwingine. Tulimwona kila siku na hatukuona kitu. Kwetu mwanamke hupiga goti akimsalimia mwanamume au akimpa chakula, na kwao Rungwe ni vilevile. Tulidhani anatuheshimu. Tuseme kweli, tuliipenda heshima hiyo. Mtu yuko mbali na nyumbani, amechafuka, amechoka, halafu mama wa watu anampigia goti. Haikutupitia akilini kwamba ile ilikuwa kazi, na kwamba ilikuwa inamla.

Ndipo Fundi Mika akatengeneza kigoda cha kukalia mwenye kufunga mikanda. Kilimchukua muda wa chai tu. Mbao hazikununuliwa, ziliokotwa kwenye mabaki nyuma ya msumeno. Sisi ni kiwanda cha mbao. Hili ndilo linalotufanya tuinamishe vichwa tukimwona anapita.

Ndugu Marcelino amemwambia kwamba magoti hayatarudi kuwa kama zamani, lakini akiyatunza anaweza kukipanda kilima chake polepole, kwa fimbo. Kila siku akae kitini, anyooshe mguu mmoja mmoja, bila chuma. Sharti kubwa ni kwamba asipige magoti tena, kwa kazi yoyote wala kwa mtu yeyote.

Sharti hilo ndilo linalomshinda. Jumamosi kwenye sherehe atakabidhiwa zawadi na meneja, na ameshasema hawezi kupokea zawadi ya mwanamume akiwa amekaa. Amesema ataona haya, watu wa kwao waliokuja kumchukua watasema mji umemharibu. Mama, tumeongea na ndugu zako, tumeongea na meneja pia. Kiti chako kitawekwa mbele. Wewe utakaa, hutainuka. Meneja ataleta zawadi akiwa amechutama, na sisi tutapita mmoja mmoja kukuaga hivyohivyo, Bujiku akiwa wa kwanza. Haya ya siku hiyo tuachie sisi, ni yetu.

Kwa vidole vyote ulivyofunga, kwa miguu yote uliyoshika, tunasema ahsante kwa lugha yako: ndaga fijo. Nenda ukapumzike, mama yetu. Ukikipanda kile kilima usimfuate anayekwenda mbele yako. Nenda kwa mwendo wako, wao watakungoja.