Nani Atasaini Barua ya Gentil?

Miye nauzisha kahawa hapa Essence, mu Bukavu, mbele ya portail, lile lango kubwa la Kampuni Punda Milia ya kamio za kubeba muzigo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kiti kirefu cha mbao ni changu, termos mbili ni zangu, vikombe ni vyangu, na masikio yenye kuchoka ni yangu pia. Kampuni ilikufa wiki tatu zimepita: portail ikafungwa na munyororo, patron, mwenye kampuni, akavuka mupaka, simu yake haiite tena. Kamio sita ziko ndani, zinaota majani. Ya saba iko kule njia ya Kamituga, kisha kupita Mwenga, imezama mu matope, na shofere wake Gentil bado iko ndani. Bashofere wengine, badala ya kwenda kutafuta kazi, banakuja kila asubui saa moja kamili kukaa ku kiti changu, na swali lao ni moja tu: nani aliangusha kampuni?

Bakubwa wa hii makelele ni batatu. Djafari, delege wa sendika, chama cha bafanyakazi, tunamuitaka Papa Artikle, juu hata ukimupa kahawa yenye kupoa anakuambia ni artikle gani ya sheria inaikataza. Muzee Grégoire ni Retroviseur, kile kioo cha kamio, juu ni mutu wa kuangalia nyuma tu. Na Destin ni Klakson, honi ya kamio. Destin haongeake, anapigaka.

Siku ile Eulalie, bibi ya Gentil, akashuka ku pikipiki na bulanketi mukononi.

— Jambo yenu, ba papa.

— Jambo maman, akasema Djafari. Bwana iko aje?

— Iko mubaya. Jana alipanda ku kilima akapata rezo ya simu, tukaongea. Miguu imevimba, kifua kinamukamata. Siku makumi ine na sita analala mu kabini! Nikamuambia: Gentil, kampuni ilikufa, kuya nyumbani. Anasema hatoki bila barua.

Djafari akanyoosha mugongo.

— Artikle kumi na ine! Huyo njo shofere!

Nieleze hii artikle, juu miye niliiona ikizaliwa. Zamani, kamio ikikwama, patron alikuwa anatuma shofere mwingine, na ule wa kwanza anaachwa kando ya njia na kafuko kake, hana kazi tena. Sendika ikagoma siku tisa hapa mbele ya portail, mpaka patron akasaini: shofere hatatoka ku kamio yake bila barua yenye kashe, yaani muhuri, na barua ile itasainiwa na mwenye kusimamisha safari, na aandike sababu. Batu balicheza hapa! Ni Gentil mwenyewe alitoaka ile mawazo. Sasa njo inamufunga kule.

— Basi musaini nikamupelekee, akasema Eulalie. Pikipiki inaningojea.

— Maman, haisainiwake ovyo, akajibu Djafari. Anasaini mwenye alisimamisha safari. Na safari zote zilisimama. Kwa hiyo mwenye kuangusha kampuni njo atasaini. Tuko tunamutafuta.

— Tangu lini?

— Wiki ya tatu hii. Kazi inaendelea muzuri.

— Na saruji yenye alipakia? akapiga Klakson.

— Mvua ilinyesha, akajibu Eulalie. Magunia mia tatu imekuwa jiwe moja.

— Kumbe analinda jiwe!

— Analinda kitu cha kampuni, akasema Djafari kwa ukali. Artikle haisemi kama ni laini ao ni ngumu.

Eulalie akakaa ku mwisho wa kiti. Nikamupa kahawa, hakuinywa.

— Tuanze, akasema Djafari. Nani iko na jina la mukosaji?

— Patron! akapiga Klakson. Munakumbuka kile kiti alinunua, cha ofisi, chenye kuzunguka? Mbele alikuwa anaangalia dirishani, anahesabu kamio. Alipokipata, akaanza kuzunguka tu. Anaona kamio moja, anazunguka, anaona ile ile, anafikiri ni mbili. Mutu wa vile anaweza kujua kama iko na kamio saba?

— Patron haonekane, akasema Djafari. Mwenye haonekane hasaini. Mwingine.

— Basi ni njia, akajijibu yeye mwenyewe. Kutoka Burhale ile si njia tena. Mwezi wa tatu nilikuta mutu anavuamo samaki.

— Njia itasaini, papa? akauliza Eulalie.

Njo Retroviseur akasema pole pole, na hachekake:

— Njia haina kidole.

— Tunaiweka pembeni, akasema Djafari.

Retroviseur akapanguza mudomo.

— Nyiye batoto mumekaa mbele ya hii portail miaka yote, na hamujaona kitu. Ule punda milia anaangalia wapi?

Tukaangalia. Na mungu wangu, kweli! Ule punda mwenye kuchorwa ku portail, na ku milango ya kamio zote, anaangalia nyuma.

— Shofere anaenda Kamituga, akasema muzee, punda anarudi Bukavu. Miaka kumi na moja banavutana! Mazuti ya injini itatosha wapi?

— Yoo! akapiga Klakson, akasimama. Njo maana kurudi kulikuwa kunaendaka mbio! Miye nilifikiri ni juu ya kuwa bila muzigo!

— Alichora nani? akauliza Djafari, kalamu juu.

— Mutu mumoja wa Nyangezi. Alikufa.

— Maiti hasaini.

— Ba papa, miguu ya bwana yangu...

— Tutafika ku miguu, maman. Iko ku pointi ya mwisho.

Miye nilikuwa nataka kumumwangia mutu termos. Lakini asubui ilikuwa bado mapema.

— Tuseme kweli basi, akapiga Klakson. Ni sendika! Tuliomba buti, sawa. Tuliomba makoti ya mvua, sawa. Lakini nani aliomba kamio ikuwe na saa moja ya kupumzika kila mchana? Kamio, si shofere!

— Artikle makumi mbili na mbili. Injini nayo ni mufanyakazi.

— Kamio namba ine ilipumzika Pasaka, mupaka leo haijaamuka!

— Iko mu haki yake!

— Na siku ile mulileta pneu, gurudumu ya kamio, ku mukutano, ipige kura!

— Haikupiga kura. Ilikuwa muangalizi.

Eulalie akageukia Djafari.

— Sasa kama ni sendika, papa, si saini? Kashe unayo mu mufuko.

Djafari akaitosha kashe, akaiangalia, akairudisha mu mufuko.

— Sendika inalindaka, maman. Haifungake. Nikisaini kama ni shiye, kesho batoto ya hawa bashofere bote batanionyesha kidole mu kanisa na mu muskiti.

Hapo njo niliona vile ilikuwa. Hawa banaume balijua muzuri: mwenye atakubali kosa, Gentil anarudi. Na kila mumoja alikuwa anatafuta mwingine.

— Ziwa, akasema Retroviseur.

— Ziwa gani?

— Hili letu. Angalieni kile kisiwa cha Idjwi. Kuko kampuni ya kamio yenye ilikufaka Idjwi?

— Haijazaliwaka hata moja kule! akapiga Klakson.

— Unaona sasa! Ziwa linazikula mbele hazijazaliwa. Lilipomaliza kule, likaanza kula huku. Kila gunia lenye kupita mu bwato, ni gunia lenye kutoka mu mudomo ya kamio. Miye nasema, ingekuwa lilikaushwa mapema, tungekuwa tunashuka chini, tunapanda, tunafika Goma, ngambo ile, mbele ya kula mchana.

Djafari alikuwa anaandika. Naapa, alikuwa anaandika.

— Adresi?

— Adresi iko, akasema muzee. Mwenye kupokea barua njo hakuna.

Klakson akanyamaza, na Klakson akinyamaza ni hatari. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Kisha akaniangalia miye.

— Ni kahawa.

— Kahawa gani? nikauliza.

— Yako, Maman Apolline. Nani alitufundisha kukaa? Shofere anafika saa moja, anasema, nakunywa kimoja tu. Anapanda mu kamio saa tatu. Saa mbili kila siku, bashofere saba, miaka kumi na moja! Kampuni ilizama mu kikombe, ba ndugu!

— Ah, akasema Retroviseur. Na sukari ilikuwaka nyingi.

Kabla sijafungua mudomo, Djafari alishanyoosha karatasi mbele yangu.

— Saini hapa, maman. Ni formalite tu. Gentil arudi, mambo iishe.

— Weye Djafari! Munakunywa nyiye, nafunga kampuni miye? Nisaini, kesho kila bibi ya shofere aje kulia ku mulango wangu? Saini ku paji lako la uso, ile iko na nafasi!

Nilipiga makelele mengi. Nilimwanga hata kikombe. Lakini niseme kweli, hasira ilikuwa nusu tu. Nusu ingine ilikuwa woga. Bukavu hii, jina lako likishaandikwa ku karatasi yenye kashe, hata mujukuu wako ataulizwa. Na Eulalie alikuwa pale, na bulanketi yake, ananiangalia, na miye nikageuza macho.

Njo Eulalie akaweka kikombe chini.

— Leta.

— Leta nini, maman? akauliza Djafari.

— Karatasi. Andika ni miye.

— Ni weye nini?

— Ni miye nilifunga kampuni.

Djafari akavuta karatasi karibu yake.

— Lakini maman, weye haukukuwaka mufanyakazi.

— Artikle inasema lazima mufanyakazi?

Djafari akafungua kakitabu kake, akasoma na kidole.

— Apana. Inasema tu mwenye kusimamisha safari.

— Basi andika.

— Na sababu? Bila sababu haina nguvu.

— Nilitaka bwana yangu nyumbani.

Djafari akaandika, na andiko lake ni zuri, hapo sitamunyima. «Miye Eulalie, wa hapa Bukavu, nimefunga Kampuni Punda Milia na nimesimamisha safari zake zote, juu nataka bwana yangu nyumbani. Gentil, toka ku kamio.» Retroviseur akaomba baongeze «aksanti», juu ya heshima. Eulalie akasaini pole pole, ulimi kati ya meno. Djafari akapiga kashe mara tatu, ya mwisho akapuliza wino ikauke. Maman akaikunja ndani ya bulanketi, akapanda pikipiki, akaenda njia ya Mwenga. Hakusema hata kwaheri, na hakuna mwenye alistahili.

Banaume bakakaa. Unaona mutu akitosha kiatu chenye kumubana? Vile njo balipumua. Kisha, hata saa nzima haijapita, Klakson akasema:

— Lakini mwanamuke ule, jamani.

— Nilimuonaka mwaka jana, akasema Retroviseur. Alikuwa amesimama pale, anaangalia portail. Anaiangalia vibaya.

— Nyiye! nikasema. Si alikuwa anamungojea bwana yake!

— Maman Apolline, akasema Djafari, karatasi iko na kashe.

Jioni ile habari ilishafika mutaa wa Panzi. Kesho yake maman mumoja wa kuuzisha samaki ndakala akaniinamia ku sikio: ni kweli bibi ya Gentil aliangusha kamio saba peke yake? Nikamuambia ni uongo. Lakini nilisema na sauti ndogo, juu ya kueleza uongo ule ningelazimika kueleza pia nani alikataa kusaini mbele yake.

Siku ya munane, Gentil akakuja.

Alikuja peke yake, na fimbo, miguu yenye kufungwa na vitambaa, amekonda mpaka koti la sendika lilikuwa linatembea bila mutu. Bote bakasimama. Klakson akamuachia nafasi ku kiti. Gentil akasalimia mumoja mumoja, vile anasalimiaka, akakaa. Nikamupa kahawa.

— Kamio? akauliza Djafari.

— Niliifunga na ufunguo, nikaacha jiwe ndani. Vile artikle inasema.

— Muzuri. Muzuri sana.

Akatosha barua mu pulastiki, akaifungua ku magoti.

— Niliisoma mara nyingi njiani. Kashe ni ya kweli, niliijaribu na mate. Kwa hiyo ni kweli, ni yeye aliifunga.

Djafari akainama kuangalia ile kashe yake.

— Uko na hasira na yeye? akauliza Retroviseur.

— Hasira ya nini, muzee? Mutu anakutosha mu matope, unamukasirikia? Lakini kuko kitu nataka kujua, na nikimuuliza analia tu. Nyiye mulikuwa hapa. Siku yote mulikuwa hapa.

Akalaza barua vizuri na mukono.

— Kumbe kuifunga ilikuwa inaomba mutu mumoja na kalamu moja. Sasa Eulalie, juu ya nini hakuifunga mbele miguu yangu haijavimba?

Djafari akafungua kakitabu kake, akakafunga. Klakson akaangalia chini. Kisha bote batatu bakaniangalia miye. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha, na vilikuwa bado vimejaa.