Dakika Moja ya Mama Kadi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, na aliye mbali na redio asogee. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, Mama Kadi alitutoka. Moyo ulichoka. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa mkunga, kisha akawa mtafiti wa afya ya wanawake. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Kadi, mkunga na mtafiti, hatunaye tena.

Na niseme mapema kabla sijaingiwa na woga. Leo mimi si msimulizi tu. Nina kosa nililomkosea mama huyu, na nitalisema hapa hapa, likifika mahali pake.

Tuanze na korido. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na korido moja ndefu yenye milango miwili. Mlango wa kwanza, kliniki ya wajawazito. Mlango wa pili, kliniki ya presha. Kati yake hatua kumi na nne, Mama Kadi alizihesabu mwenyewe. Mwanamke anaingia mlango wa kwanza na mimba, presha inapanda, anajifungua, anaambiwa hongera, nenda nyumbani. Miaka inapita. Mwanamke yule yule anaingizwa mlango wa pili, mdomo umepinda, ameshikwa kwapani huku na huku. Na hakuna anayemuuliza habari za ile mimba. Faili lake la zamani liko mlango wa kwanza tu hapo, na halijawahi kuvuka korido.

Mama Kadi akaanza kuuliza. "Mwanangu, ulipokuwa mjamzito presha ilipanda?" Akawa anajibiwa kitu kimoja: "Aa, ile ya mimba? Ile iliisha."

Ile iliisha. Alilisikia jibu hilo mpaka akaliandika kwenye jalada la daftari lake. Likawa ndilo swali la utafiti wake: je, kweli iliisha? Akawafuatilia wanawake mia sita na kumi na wawili, kwa miaka kumi na mmoja. Na alichokikuta ni kwamba kwa wengi wao haikuisha, ilijificha. Ilirudi mapema kuliko kwa wenzao, na ilirudi kimya kimya. Lakini aliyepimwa kila mwaka na kuanza dawa kwa wakati, mara nyingi alinusurika.

Kila mwanamke alimwomba kitu kimoja, ile kadi ya kliniki ya ujauzito. Ndipo akaitwa Mama Kadi. Binti yake, ambaye ni mwalimu, alinichekesha juzi msibani. "Mpaka leo kuna watu wanadhani mimi ndiye Kadi."

Alikuwa king'ang'anizi, jamani. Ukikosa kuja kliniki, anakuja yeye na mashine yake kwenye mfuko wa kitambaa. Atakupimia saluni, kichwa kikiwa ndani ya draya. Atakupimia kwenye foleni ya benki. Wapo waliojificha chooni wakimwona, naye anaketi nje ya mlango anasubiri. "Mficha uchi hazai," anawaambia, "na wewe umeshazaa, kwa hiyo unamficha nani?" Mumewe, seremala mstaafu, ndiye aliyemtengenezea rafu za mafaili. Mzee aliniambia, "Nilioa mke mmoja, nikaletewa mia sita na kumi na wawili." Akacheka, halafu akafuta macho.

Sasa nifike kwenye langu.

Miaka sita iliyopita nilimwalika Mama Kadi kwenye studio zetu. Si kubwa hii, ile ndogo yenye zulia ukutani. Alikuja saa nzima kabla ya muda. Akatoa kadi kuukuu, imegandishwa kwa gundi ya karatasi, pembe zimelika. Ilikuwa kadi yake mwenyewe, ya mimba ya huyu binti yake. Nami nikamwambia, "Mama, iweke chini, karatasi inakwaruza kwenye kipaza sauti." Akaiweka mapajani.

Tukarekodi vizuri. Mwishoni akasema, "Mwanangu, sasa naomba dakika moja. Wewe usiseme, na mimi sitasema. Mwanamke anayetusikiliza ainuke akachukue kadi yake, iwe kabatini, iwe chini ya godoro. Akirudi tumsomee namba pamoja. Tukiendelea kuongea hatainuka. Namjua. Hata mimi siinuki redio ikiwa inaongea."

Tukanyamaza dakika nzima. Mimi naangalia saa, yeye anaangalia kadi yake. Halafu akasema taratibu, "Umerudi? Haya, tazama namba ya presha."

Wasikilizaji wapendwa, redioni kimya ni ajali. Tunafundishwa kukiogopa. Nilipokuwa nahariri, niliikata ile dakika. Nikaona bila kadi mkononi zile namba nazo hazina maana, nikazikata pia. Nikaweka muziki. Nikajiona fundi.

Kipindi kilipokwisha, simu ikalia. "Mwanangu, kile kimya changu kimekwenda wapi?" Nikamjibu, "Mama, mitambo ilileta hitilafu." Nilidanganya. Narudia, nilimdanganya mama wa watu. Akasema, "Poleni na mitambo. Basi tutarudia?" Nikasema tutarudia. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikasema ratiba imejaa. Hatukurudia.

Nina dada yangu mkubwa. Amenibeba mgongoni huyu, amenipeleka shule siku ya kwanza. Siku ile ya kipindi alikuwa anapiga pasi na redio iko dirishani, maana hakosi kipindi cha mdogo wake. Miezi kumi na mitano baadaye alianguka akianika nguo. Kiharusi. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Nilitumwa nyumbani kwake nikatafute vyeti vyake vya matibabu. Chini ya mashuka nikakuta mfuko wa plastiki. Ndani yake kadi za chanjo za watoto, na kadi yake ya kliniki ya mimba ya pili. Presha: mia moja sitini, chini yake mia moja kumi. Mtu aliizungushia kalamu nyekundu. Nikaketi kitandani kwake na mashuka mapajani. Sikuweza kuinuka.

Alipoanza kusema tena, polepole, nilimuuliza kama alikisikia kile kipindi. Akasema, "Nilikisikia. Nikasikia muziki, nikaendelea na pasi." Nikamuuliza, "Dada, ningeuacha ule ukimya, ungeinuka?" Dada yangu hana tabia ya kumpaka mtu mafuta. Akasema, "Labda ningeinuka, labda nisingeinuka. Sijui. Lakini wewe ulinijibia."

Na nani alikuja kumpima nyumbani kila mwezi? Mama Kadi, na mfuko wake wa kitambaa. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Akashika ile kadi ya dada, akaisoma, akanitazama. Akanitazama sana. Nikasubiri aseme. Alisema tu, "Mwanangu, leta kiti." Nikaleta kiti. Kwa miaka minne nilimletea kiti, nikamletea maji, nikamsindikiza mpaka barabarani. Neno moja tu la kweli halikunitoka. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Alhamisi miezi ikaisha.

Msibani nilimvuta binti yake pembeni, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alijua, kaka. Alijua siku ile ile. Alituambia mezani, mitambo gani hiyo inayougua kwenye kimya, halafu inapona kwenye muziki?" Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Alisema ulikuwa na mgonjwa wa kumhudumia. Alisema ipo siku utamrudishia dakika yake."

Hapo nililia, wasikilizaji. Sioni aibu kulisema.

Kwa mzee seremala, pole sana, baba. Kwa binti yake mwalimu na wajukuu, poleni. Kwa wale mia sita na kumi na wawili, najua kila mmoja wenu amefiwa. Mungu ampokee mama yetu, ampumzishe na mfuko wake. Na kila mmoja wetu ajiulize ni neno gani analoliahirisha, na anamwahirishia nani. Mimi langu limechelewa. Yeye hatalisikia.

Lakini dakika yake ninayo. Leo hatujarekodi, tuko hewani moja kwa moja, hakuna wa kuikata. Nasema namba kwanza, zishike. Ukiona kwenye kadi yako namba ya juu imefika mia moja na arobaini, au ya chini imefika tisini, kesho nenda kapimwe, na kila mwaka urudi. Narudia: ya juu mia moja na arobaini, ya chini tisini. Hata kama mtoto mwenyewe sasa ana ndevu. Usiseme ile iliisha. Na wewe baba uliyeihamisha kadi ya mama watoto ukaweka risiti zako mahali pake, kairudishe.

Fundi mitambo wangu yuko nyuma ya kioo, ananitolea macho. Nimemwomba aondoe mkono kwenye muziki. Ameuondoa.

Haya, dada. Weka chini hicho ulichoshika, inuka, nenda kaitafute. Usiigonge redio yako, haijaharibika. Ni mimi nimenyamaza.