Jino la Hajra Halikai Juu ya Bati

Ukifika Ruangwa mjini ukauliza mashine ya kusaga ilipo, mtu atakuonyesha kwa kidole. Ukiuliza benchi la Mzee Faridi muuza kahawa, atakushika mkono akupeleke mwenyewe, kwa sababu na yeye alikuwa anatafuta kisingizio cha kwenda. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegeshwa ukutani mwa mashine, kwa hiyo wanaokaa pale huinuka weupe mgongoni kwa vumbi la unga. Pale kila mtu ana jina, ila si lile alilopewa na mama yake. Augustino, kijana wa Kimakonde aliyechezesha mechi mbili za mchangani na kupigwa katika moja, ni Refa. Jumanne, aliyefagia zahanati kule Mnero miaka tisa, ni Dokta. Mzee Mbaruku, aliyezeekea kwenye mashimo ya dhahabu ya Namungo, ni Mwamba. Na Imrani, mkulima wa korosho asiyefikisha maneno kumi kwa siku, wanamwita Redio, maana watani hawana huruma. Sasa Jumatano hiyo, baada ya swala ya alasiri, Redio akafunguka mwenyewe bila kuwashwa.

– Jamani, mtoto akikuuliza kwa nini meno ya utoto yanatoka, mnamjibu nini?

Alikuwa ametoka moja kwa moja shambani kupulizia mikorosho, unga wa salfa umemganda kwenye nyusi.

– Hilo tu? Refa alicheka. Kaka, ulivyokaza uso nilijua shamba limeungua.

– Nijibuni.

Mzee Faridi akagonganisha vikombe vyake, akammiminia kabla hajaomba.

– Rahisi kinoma, Refa akaanza. Meno ya utoto ni kikosi cha vijana. Yanacheza na uji, yanacheza na ndizi, freshi tu. Sasa ikija ligi kubwa, mifupa, miwa, kocha anafanya mabadiliko. Huwezi kuwa na kumi na wawili uwanjani. Mmoja anaingia, mmoja anatoka. Wahenga walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mwenyeji kapona nini, na kashatolewa nje? Dokta aliuliza.

– Kapumzika.

Neno hilo lilimchoma Imrani. Ndilo walilomwambia watu wote siku alipomzika Mwanaima, mkewe, masika ya mwaka juzi. Kapumzika. Alikuwa na miaka ishirini na saba, hakuwa amechoka.

Benchi zima lilimjua Mwanaima, na benchi zima lilijua kuwa Ijumaa hii Imrani anaoa tena. Anamwoa Zuleha, fundi cherehani wa Nachingwea, mwanamke mtulivu ambaye hakuna aliyemsikia akimsema mtu. Wasilolijua ni moja, na Imrani alikuwa amelibeba miaka miwili na zaidi kama gunia lisilo na pa kutuliwa. Siku ya msiba, binti yake Hajra alikuwa na miaka mitano. Walimpeleka kwa shangazi yake Nachingwea asione jeneza. Aliporudi akauliza mama yuko wapi, na Imrani akasema yuko hospitali, atapona, atarudi. Alitaka uongo ule umvushe siku mbili tatu tu, apate nguvu ya kusema. Nguvu haikuja. Watoto wa shule walipomwambia Hajra kuwa mama yake amekufa, aliwajibu, ''Baba kasema atarudi,'' nao wakanyamaza, maana nani abishane na baba wa mtu?

– Mtoto anauliza au anasumbua? Mwamba alisema, akimtazama kwa jicho lake moja zima. Maana hayo ni mambo mawili.

Imrani akashusha kikombe.

– Juzi Jumatatu katoka jino. La mbele, la chini. Nikafanya kama baba yangu alivyonifanyia. Nikamsimamisha uani, nikamfundisha maneno. Panya, panya, chukua jino lako bovu, niletee zuri. Nikamwambia rusha juu ya paa. Akarusha.

– Vizuri, Dokta alisema.

– Vizuri wapi? Ile nyumba si ya nyasi tena. Msimu uliopita nimeezeka bati.

Watu wa benchi wakaelewa kabla hajamaliza. Paa la nyasi likimeza jino, limemeza, hata anayelitafuta halioni. Bati halimezi kitu.

– Likalia ko, ko, ko, likaja likadondoka miguuni pake, Imrani alisema. Nikamwambia rudia. Likarudi. Mara ya tatu likarudi. Mara ya nne hakurusha. Alilifumbata, akaniangalia, akasema, baba, limerudi. Kumbe vya zamani vinarudi.

Refa akakiweka kikombe chake chini.

– Tangu hapo hataki kulitupa. Analala nalo mkononi. Jana kamwambia mama yangu kwamba Zuleha abaki kwao Nachingwea, maana mama yake akija atakuta nafasi imechukuliwa.

– Mama yake? Refa aliuliza taratibu. Kwani hujamwambia?

Imrani akainamisha kichwa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima aliyemkimbia mtoto wa miaka saba.

Dokta akakohoa. Yeye kazi yake ni kuokoa, hata pasipo na mgonjwa.

– Kosa ni la bati, si lako. Sasa sikiliza, mtoto wa siku hizi mpe sayansi. Pale zahanati kulikuwa na picha ukutani, kubwa hivi, nimeipangusa miaka tisa, naijua kuliko waganga wenyewe. Jino jipya liko chini ya la zamani. Linakua, linasukuma. La zamani linasukumwa mpaka mizizi inayeyuka, linalegea, linatoka. Halikuumwa, halikukosea. Limesukumwa tu na jipya. Na yanatoka moja moja, haba na haba hujaza kibaba, mwisho kinywa kitupu.

– Hicho kibaba kimejaa au kimekwisha? Refa akauliza.

– Mwacheni Dokta na kibaba chake, Mwamba alisema. Nyote mnaongea kama watu ambao hawajaingia chini ya ardhi. Mimi nimeingia futi sitini, na mshumaa. Unajua yale mawe meupe tunayoyafuata kule Namungo, ndiyo yanayobeba dhahabu? Mnadhani ni mawe?

– Ni nini, mzee?

– Meno ya utoto. Ya watu wa kale. Wale hawakurusha juu ya paa, walizika. Na mtoto hana dhambi, ndiyo maana dhahabu ikitafuta pa kulala inalala humo. Mimi nimeshika jiwe moja, hili hapa, linafanana na gego la mtoto, hata kutoboka limetoboka!

– Mzee wangu, miaka arobaini umechimba, dhahabu yenyewe umeiona mara ngapi? Refa alimchokoza.

– Watu wa kale walikuwa wachache, Mwamba alijibu bila kutikisika. Kwa hiyo na meno yao machache. Imrani, mwambie mtoto azike. Ukubwa jalala.

Msemo haukuwa mahali pake, lakini neno azike lilibaki na Imrani. Alijua pa kuzika. Makaburi yako nyuma ya mikorosho ya marehemu baba yake, robo saa kwa miguu, na Hajra hajawahi kufikishwa. Kila walipokwenda shambani, Imrani alimzungusha kwa njia ndefu.

– Shikamooni.

Wote wakageuka. Hajra alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, gauni la shule bado mwilini, ngumi ya kulia imefumbwa. Mashine ilikuwa imezimwa kitambo, na hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

– Marahaba, mjukuu wangu, Mwamba aliitika.

– Bibi anakuita, baba. Wageni wa Nachingwea wameshafika.

Imrani akaanza kutafuta sarafu za kahawa mfukoni. Dokta, kwa wema wake ule usioangalia saa, akainama mpaka usawa wa mtoto.

– Hajra, nionyeshe pengo. Maashallah. Umeona hapo katikati panachomachoma? Hilo ni jipya linakuja. Usiogope kabisa.

– Jipya ndilo linalosukuma la zamani? Nimekusikia.

– Ndilo hilo hilo. Una akili, wewe.

Hajra akafikiri. Akamtazama Dokta, akamtazama baba yake.

– Na mama alisukumwa na nani?

Dokta akainuka. Mwamba alishusha macho kwenye fimbo yake. Mzee Faridi akainua birika amimine, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kusaidia, likatoa masimbi tu, yale mashapo ya kahawa, tone moja na jingine, halafu basi.

Imrani akashuka kwenye benchi, akachuchumaa vumbini mbele ya binti yake.

– Hakusukumwa na mtu, Hajra. Mama aliumwa. Alikufa. Mimi nilikudanganya.

– Lini?

– Ulipokuwa kwa shangazi.

– Ulisema yuko hospitali.

– Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa.

Mtoto hakulia. Afadhali angelia, maana baba yake angejua la kufanya na machozi. Alifumbua ngumi, akalitazama lile jino, dogo, lenye alama kavu ya damu chini, kisha akainua macho kuangalia paa la mashine lililokuwa linametameta kwa jua la jioni.

– Huko alipo, juu kuna bati?

– Hakuna. Ni udongo mtupu.

– Ndiyo maana hakurudi, alisema Hajra.

Imrani akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele za watu, yakichora njia kwenye unga wa salfa, naye hakujishughulisha kuyafuta. Alimwomba Refa aende nyumbani akawaambie wageni wamsubiri, na wakiuliza yuko wapi, asiwafiche, awaambie amempeleka Hajra kwenye kaburi la mama yake. Kisha akanyoosha mkono. Hajra akahamishia jino mkono wa kushoto, akampa wa kulia, na wawili wale wakaifuata njia fupi, ile inayopita katikati ya mikorosho.

Mzee Faridi akasuuza vikombe, akavipanga ndani ya ndoo.