Mlango Haukuuzwa: Maisha ya Fundi Futi, 1949–2023

Kabla ya kueleza marehemu alizaliwa wapi na alisoma nini, familia inapenda jambo moja likae sawa. Marehemu hakuuza mlango. Maneno kwamba mlango wa jumba la kale uko ng'ambo, sebuleni kwa tajiri fulani, yamesemwa miaka saba bombani, kwa kinyozi, na hata kwenye ngazi za hospitali, yeye akiwa amelazwa ndani. Mkewe, aliyeandika wasifu huu, aliyasikia yote, na waliokuwa wakiyasema anawajua kwa sauti. Mahali mlango ulipo pataelezwa kwa wakati wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya tatu kutoka kona ya mtaa wa mafundi. Baba yake alikuwa seremala, babu yake pia. Alijifunza kutambaa kwenye maranda ya mbao, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakuhitaji kuogeshwa bali kupigwa randa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1968. Hapo chuoni ndipo alipopewa jina la Futi, kwa sababu futi ya chuma haikutoka mfukoni mwake. Ripoti yake ya mwaka wa pili, ambayo familia inayo, inasema: "Bidii nzuri. Aache kupima meza ya mwalimu."

Alianza kazi mwaka 1969 katika karakana ya baba yake, na mwaka 1974 alirudi chuoni kufundisha useremala, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2004.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na mwalimu wa historia, ambaye leo ni mjane wake. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, meza ya sebuleni ilikuwa ikiyumba. Alivumilia chai ya kwanza. Ilipokuja ya pili, aliomba radhi akaingia chini ya meza.

"Huyu kijana amekuja kuoa au kutengeneza meza?" baba mkwe aliuliza.

"Vyote, mzee," sauti ilitoka chini. "Ila meza ndiyo ya haraka."

Meza hiyo haijayumba tena hadi leo.

Kazi aliyoipenda kuliko zote hakuwahi kuajiriwa kuifanya. Mwaka 1988 ofisi ya mji iliamua kubomoa jumba la kale lililo mwisho wa mtaa, ambamo mafundi wa zamani walikuwa wakikutana, ili paegeshwe magari. Marehemu alikwenda ofisini na vipimo vya kila nguzo, akarudi tena, akarudi tena, mpaka wakachoka yeye hajachoka. Hazina ya jumba lile ilikuwa mlango wake: miraba ishirini na minne ya nakshi, kila kazi ya mikono na mraba wake. Wahunzi walichonga mivukuto yao, wafumaji vitanda vyao vya kufumia, maseremala randa yao. Hakuna ukoo wa mtaa huu usio na babu aliyeacha alama pale.

Alipopendekeza jumba lifunguliwe kwa wageni, fundi cherehani jirani yake alicheka. "Nani atoke alikotoka aje kutazama mlango?"

"Wewe umewahi kuutazama?"

"Si napita hapo kila siku, jamani?"

"Sikuuliza kupita."

Wageni walikuja. Wasusi wa vikapu wakapata wanunuzi mlangoni kwao, vijana wakawa waongozaji wageni, na mwaka 1996 viingilio vya jumba vikaezeka zahanati ya mtaa na kujenga chumba cha kujifungulia. Baadhi ya wanaosema aliuza mlango walizaliwa chini ya paa hilo.

Sasa habari ya mlango. Mwezi Aprili 2016 marehemu alisafiri siku tatu kwenda mazishini. Wageni wakubwa walitarajiwa wiki ile, na mtu mmoja wa hapa mtaani, mwenye nia njema kabisa, aliona mlango umefifia. Akaupaka rangi ya mafuta, ya buluu, mara mbili. Marehemu alirudi Jumapili tarehe 17, saa nane mchana, akaenda moja kwa moja jumbani kama kawaida yake. Aliugusa mlango. Kidole kikarudi cha buluu.

"Nilitaka papendeze," yule mtu alisema.

Marehemu alikifuta kidole kwenye suruali. "Pamependeza," alisema. "Sasa nisaidie kuubeba."

Waliutoa kwenye bawaba, wakaufunga kwa mkeka, wakaupeleka nyumbani kwake katikati ya mvua kubwa. Aliyewachungulia dirishani alimtambua marehemu tu, kwani mwenzake alijifunika gunia. Uvumi wote ulianzia dirisha hilo.

Mahali pa mlango aliweka mfano uliochongwa zamani na wanafunzi wake chuoni, na kila mgeni alimwambia wazi kwamba ule ni mfano, wa asili unatibiwa. Kwa hiyo wageni walijua. Tusiojua tulikuwa sisi wenyeji, ambao hatusikilizi maelezo ya kwetu wenyewe. Miezi ilipopita, kamati ya jumba, ambayo yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake, ikamwita.

"Mzee Futi, tuambie tu uliupeleka wapi."

"Haujatoka mtaani."

"Basi tuuone."

"Mtauona ukipona."

"Unamficha nani?"

"Nimesema haujatoka mtaani."

Wakamwondoa uenyekiti. Alijua kwamba wakiiona ile buluu watamsaka aliyeipaka, na mtu huyo alikuwa akiishi kwa kazi ya jumba lile, yeye na wanawe. Akarudi nyumbani, akala, akaingia chumbani kuendelea.

Mlango ulikuwa chini ya kitanda cha ndoa, kilichoinuliwa kwa matofali manne. Dawa za kuondoa rangi zingeila mbao ya kale, hivyo aliikwangua kwa vijiko vya chai alivyovinoa ncha. Seti ya vijiko ya harusi iliishia humo, vyote sita, huku mkewe akimshuku msichana wa kazi, ambaye anaombwa radhi hapa mbele ya watu.

Tarehe 11 Februari 2020 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Miezi mitano baadaye alikuwa akikwangua kwa wa kushoto, amelala ubavu sakafuni, mraba mmoja kwa miezi minne. Moyo ulipodhoofika alilazwa mwezi Agosti mwaka huu. Siku moja alimwambia mkewe, "Mama, urudishe mlango. Wakikuuliza ni nani, sema hujui."

"Mimi ni mwalimu. Nitasemaje sijui na ninajua?"

Akafikiri. "Basi usiseme kitu."

Alifariki Jumapili tarehe 3 Septemba 2023, saa tisa alasiri, mkewe na binti yake mkubwa wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine mchoraji ramani za majengo, wana wawili, wote maseremala, wajukuu tisa, dada wawili, na wanafunzi waliomo kila karakana ya mji huu. Futi yake imewekwa mfukoni mwake. Apumzike sasa, na angalau mara moja asipime kitu.

Baada ya maziko, wanaume sita wenye nguvu wanaombwa nyumbani kuubeba mlango. Watu wote wafuate, kila ukoo uutafute mraba wake. Ishirini na mitatu ni safi. Mmoja bado una buluu, nao ni mraba wa maseremala, wa babu zake mwenyewe, aliouacha uwe wa mwisho. Wanawe wameamua ubaki hivyo.

Watakaotaka kujua ni nani aliyepaka rangi wasipoteze hatua zao kuja kwa mjane. Anamjua, na hasemi kitu.