Macho ya Makandi

Wasee, sikieni hii! Ndani ya Probox ya kutoka Kinoru, Makandi alikuwa anaenda intavyuu ya karani wa kupima kahawa kwa fektari. Video ya simu ilikuwa imemfundisha kukazia mabosi macho na kujisifu. Akamwambia shosho wa kando yake anaenda wapi, kisha akamjaribia hayo macho.

"Ngai!" shosho akaruka. "Hao mabosi wa fektari ni wazee wa kamati. Msichana akiwakodolea macho watauliza alilelewa na nani. Angalia chini. Wakikusifu, kataa."

"Na cheti yangu ya kompyuta, shosho? Nisiseme?"

"Ngoja waulize. Mwenye kujisifu watadhani ataiba kahawa."

"Na wasipouliza?"

Shosho akafunga leso upya, na haikuwa imefunguka. "Kijana yangu Mutembei alienda hapo mwaka jana. Alinyamaza vizuri, hata wazee wakamsifu."

"Akaandikwa?"

"Zii. Anachuna miraa huko Maua."

"Sasa shosho, nifanye nini?"

"Fanya vile nimekuambia!"

Gari ikasimama. Wazee watatu wa kamati walikuwa wamesimama kwa geti ya fektari. Makandi akashuka akiangalia viatu vyake, akainua macho, akayarudisha kwa viatu.