Shangazi wa Seli na Foili Niliyoivua Mimi

Ijumaa hii, tarehe 28, Shangazi, kama sote maabarani tunavyomwita, anastaafu baada ya kutunza seli katika maabara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kumwandikia wasifu huu wa kumuaga kulipaswa kuwa kazi ya furaha. Mimi nimeuandika nikiona haya, na sababu nitaieleza.

Kwa wenzetu wa idara nyingine: seli zetu huishi kwenye chupa, zikizaliana bila kuchoka. Tukizitilia dawa fulani huacha kuzaliana, hutoa nyuzi nyembamba na kugeuka seli za neva. Sisi wenye digrii tunachunguza zinavyogeuka. Kuzilisha, kuzihamisha chupa na kuzikinga na ukungu ni kazi ya Shangazi, hata Jumapili.

Shangazi hajawahi kuziita seli "hizi". Kwake ni "hawa". Wamekula, wamelala vibaya, leo wamenuna. Mkuu wa maabara alimsahihisha ngeli mwaka mzima, akachoka. Siku hizi yeye mwenyewe akiingia asubuhi anauliza kama wameamka salama. Kuna profesa mgeni aliyepiga chafya karibu na chupa, Shangazi akamtoa nje, na profesa akaomba radhi.

Sasa la kwangu. Miaka kumi na miwili iliyopita, seli za majaribio yangu ziligoma kugeuka. Dawa ile haitaki mwanga, ndiyo maana Shangazi huivika chupa yake foili. Mimi niliivua nisome lebo, nikaenda kunywa chai, chupa ikabaki dirishani mpaka jioni. Nikaivika tena na kuirudisha kwenye friji kimya kimya. Kwenye ripoti nikaandika kwamba dawa iliharibika "kwa uzembe wa mtunzaji". Nilijidanganya kwamba sikumtaja mtu. Mtunzaji tulikuwa naye mmoja tu.

Akapewa barua ya onyo, akahamishiwa kuosha vyombo kwa miezi kumi na minne. Hakugombana na mtu. Kila asubuhi alinisalimia na kuniuliza hawa wanaendeleaje, nami nilimjibu nikitazama sakafu. Aliporudishwa kwenye seli nilimpongeza kama wengine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu hapo amewafundisha watafiti kumi na tisa kushika chupa bila kutetemeka. Wote, na mimi, tunamshukuru kwa dhati. Shangazi, nisamehe. Uzembe ulikuwa wangu.

Jumatatu nilimpelekea mkuu maelezo haya kwa maandishi, na barua ya onyo imetolewa kwenye faili lako. Nilimwomba pia amtafute mtu mwingine wa kuandika wasifu huu, kwani mimi sistahili. Akaniambia hawezi, maana mwandishi umemchagua wewe mwenyewe. Ulimwambia mimi nina jambo la kusema, na umenisubiri vya kutosha.

Nenda kwa heshima zako zote, Shangazi, na maisha yawe mema kwako.